Msimbazi mmoja wa wikiendi Dar: Coco au Kigamboni, kibanda umiza au king'amuzi, na hela yake itoke wapi

Elfu kumi, yaani msimbazi mmoja, bado inaweza kuwatoa watu wawili nyumbani Jumamosi, wakaiona bahari, wakala na wakarudi na chenji. Inaweza pia kuisha kabla hamjapata pa kukaa. Kiingilio hakihusiki sana hapo, maana sehemu nyingi nitakazozitaja hazina kiingilio, au kiingilio chake hakizidi buku (elfu moja). Hela inaondoka kwenye kipande cha mwisho cha nauli, kwenye chakula, na kwenye soda mnazonunua kwa sababu hakuna aliyebeba maji. Ndiyo maana katika kulinganisha nimehesabu shilingi zote zinazotoka mfukoni tangu unafunga mlango wa nyumbani mpaka unaufungua tena. Bei ya mlangoni peke yake haikuambii kitu.

Nimemlenga mtu wa Kimara, Tabata, Mbagala au Gongo la Mboto anayepanda daladala na mwendokasi, mwenye mwenza na mtoto mmoja au wawili. Mwenye gari ana hesabu zake.

Coco au Kigamboni

Ufukwe wa Coco hauna kiingilio, na hakuna anayekuuliza umebeba nini kwenye kikapu. Hilo la pili ndilo kubwa. Unaweza kwenda na chapati zako, na ubuyu, na chupa ya ukwaju uliyoigandisha tangu usiku ikawa inayeyuka taratibu mchana kutwa, na usinunue chochote. Mtu akiwa na watoto watatu, tofauti ya kubeba na kutobeba chakula inazidi nauli yote.

Ugumu wa Coco ni kufika. Mwendokasi unakufikisha Morocco (mwaka 2023 nauli ilikuwa 750), daladala inakushusha Namanga, halafu kipande kilichobaki hadi mchangani ni cha bajaji, na bajaji ya kipande hicho inaweza kuzidi nauli yote uliyolipa kutoka nyumbani. Ukiwa peke yako inauma. Mkiwa watatu bei ni ileile moja, mnagawana. Watu wazima jua likishapoa wanaweza kutembea bila taabu, ila ukiwa na mtoto wa miaka minne ujue utarudi umembeba mgongoni.

Chakula cha Coco ni mihogo na mishikaki, na mihogo ya pale inastahili sifa zake. Muuzaji anautoa muhogo kwenye jiko ukiwa umebabuka kidogo, anaupasua kwa urefu, anausugua kwa ndimu, ananyunyiza chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga, kisha anaukatakata na kuweka kachumbari pembeni. Uliza bei kabla kisu hakijashuka, wala usione haya. Wenyeji wote wanauliza. Mishikaki nayo inahesabiwa kwa mti, na mtu akishakaa akianza kupiga stori hajui tena amekula mingapi. Agizeni idadi, lipeni palepale.

Kigamboni hesabu yake inaanza vizuri zaidi. Mwendokasi wa Kimara unaishia Kivukoni, hatua chache kutoka kwenye pantoni, na pantoni ni shilingi 200 kwa mtu tangu nauli ilipopandishwa kutoka 100 mwaka 2012. Kwa nauli hizo mtu mzima anayetoka Kimara anafika ng'ambo kwa 950. Wawili kwenda na kurudi ni 3,800, na kwenye msimbazi wenu zimebaki 6,200. Kabla ya kutoka hakikisha kadi ya nauli ina salio, maana foleni ya Jumapili jioni pale getini haina huruma.

Tena pantoni yenyewe ni matembezi. Nimeona watoto waliofurahia kuvuka kuliko walivyofurahia ufukwe waliokuwa wakienda. Ukisimama pembeni juu unaziona boti za Zanzibar zikitoka, meli kubwa ikipenya ule mlango mwembamba wa bandari huku watu wa pande zote mbili wakisimama kuitazama, na nyuma yako minara ya makanisa ya Azania na St. Joseph imesimama mbele ya maghorofa. Kwa 200! Mtu asiye na hela kabisa, mwenye 400 ya kwenda na kurudi, anaweza kufanya hiyo tu ikawa ndiyo wikiendi yake, hasa kama anakaa karibu na Posta au Kariakoo na anafika kwa miguu.

Gharama za Kigamboni zinaanzia ng'ambo. Fukwe nyingi zilizopangwa vizuri, zenye vyoo safi na vivuli, ni za watu binafsi. Wikiendi wanatoza kiingilio, na wengi hawaruhusu chakula wala vinywaji vya kutoka nje. Pale getini uliza maswali mawili: kiingilio kinarudi kwenye chakula au hakirudi? Na mtoto anaanza kulipiwa akiwa na miaka mingapi? Kiingilio kinachorudi si hasara kama mlikuwa mnakula pale hata hivyo. Kisichorudi, jumlisha na bajaji ya kutoka kwenye pantoni, na mara nyingi utakuta msimbazi haukutoshi na Coco ilikuwa nafuu.

Kabla ya kuchagua siku, tazama mwezi. Hapa Dar maji ya bamvua, yale ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa kama saa kumi jioni na kupwa kama saa nne asubuhi. Ukienda Coco asubuhi ya siku hizo utakuta maji yamekwenda mbali na mawe yametokeza. Watoto wataokota kombe, lakini kuogelea hakuna. Jioni yake maji yanakuja juu kabisa na sehemu ya kukaa inabaki nyembamba. Wiki moja baadaye ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji juu sana, na mimi kwa familia yenye watoto wadogo ningengoja siku hizo. Anayefuatilia tarehe za Kiislamu hahitaji kumuuliza mtu: tarehe 1 na 15 na siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua, na kuanzia tarehe 8 na 22 ni maji mafu.

Uamuzi wangu ni huu. Wawili wasio na watoto wanaotaka jioni ya saa tatu hivi, wakae, wale, waende zao: Coco. Familia inayotaka siku nzima na inatoka upande wa Kimara, Ubungo au Magomeni: Kigamboni, lakini chagueni ufukwe unaoruhusu kikapu chenu, na kama haupo karibu, vukeni, tembezeni watoto, mrudi mnunue samaki wa kukaanga Feri upande wa Kivukoni. Wa Mbagala na Kigamboni yenyewe hawana sababu ya kuhangaika na Coco. Na wa Mwananyamala, Kinondoni, Kijitonyama na Mikocheni hawana sababu ya kuvuka.

Mpira: kibanda, king'amuzi, redio, uwanjani

Ligi Kuu Bara ina timu 16, kwa hiyo timu yako inacheza mechi 30 kwa msimu. Anza na namba hiyo. Kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kutazamia mpira, kikitoza buku kila mechi, na mara nyingine ni jero (mia tano), msimu mzima haukuzidi 30,000. Sasa chukua bei ya kifurushi cha king'amuzi chenye ligi, zidisha kwa miezi 10 ambayo ligi inachezwa, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni idadi ya viti vya kibanda umiza unavyovilipia. Tuseme kifurushi ni 20,000 kwa mwezi: hiyo ni 200,000, sawa na viti 200. Hata nyumba ya mashabiki wanne wasiokosa mechi hata moja inafikisha viti 120 tu. Na bado hujahesabu king'amuzi chenyewe, dishi na hela ya fundi.

Kwa hiyo kama sababu yako ni mpira peke yake, king'amuzi hakilipi. Kinalipa pale ambapo mama anafuatilia tamthilia, watoto wanatazama katuni badala ya kuzurura, na taarifa ya habari inatazamwa kila siku saa mbili. Hapo mpira unakuwa nyongeza. Ukimsikia baba anasema amenunua king'amuzi kwa ajili ya familia, na rimoti haishikwi na mwingine, basi familia haijafaidi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalipigii hesabu. Azam walisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 wa kuonyesha Ligi Kuu Bara, wakati Ligi Kuu ya Uingereza iko kwa DStv. Shabiki wa Yanga ambaye pia ni shabiki wa Arsenal anahitaji ving'amuzi viwili na vifurushi viwili. Kwenye kibanda umiza vyote vipo, na mwenye kibanda ndiye aliyelipia. Kwa mtu mmoja anayependa ligi mbili, sioni namna king'amuzi cha nyumbani kitashinda.

Ila kibanda kina gharama zake zisizoandikwa mlangoni. Joto, kwanza. Benchi la mbao kwa dakika 90 na za nyongeza. Lugha ya pale si ya kumsikilizisha mtoto, na wanawake wengi hawajisikii huru kukaa humo, kwa hiyo burudani inakuwa ya mtu mmoja wa nyumba huku wengine wamebaki. Halafu kuna mkeka, yaani orodha ya mechi ulizobetia. Vibanda vingi vimepakana na sehemu za kubeti, na hata pasipo na sehemu hiyo simu iko mkononi. Aliyekwenda na buku ya kiingilio anarudi ameacha tano, nne zikiwa za mkeka uliochanika dakika ya 88. Ninalisema kwa uzito: mtu anayebeti kila mechi aache kabisa kulinganisha bei za kibanda na king'amuzi, kwa sababu pesa yake haiishii huko. Huyo atazame nyumbani au asikilize redio.

Na redio ipo! TBC Taifa wanatangaza mechi, na mtangazaji mzuri anakuonyesha uwanja mzima ukiwa unafua au unamenya viazi. Haikati bando ukitumia redio ya kawaida au simu yenye redio ya waya wa masikioni. Wazee wetu walizipenda timu hizi hivyohivyo.

Uwanja wa Mkapa, uliofunguliwa 2007 na kubeba watu 60,000, ni wa kwenda mara moja moja. Tiketi ya mzunguko ndiyo ya chini, unainunua kwa N-Card. Usianze na Simba na Yanga. Mechi ya timu yako na timu ya mkoani, tena ile ya saa kumi jioni, ina nafasi ya kukaa, watoto wanaona, na usafiri wa kurudi bado upo. Mechi ya usiku inakwisha saa tatu, watu maelfu wanagombea daladala hizohizo, na wewe mwenye mtoto utaishia bodaboda au bajaji kwa bei ya dereva.

Lakini katika yote haya ninayoipendekeza zaidi kwa mtu mwenye watoto ni ndondo. Mashindano ya mtaani kwenye viwanja vya vumbi, Kinesi na kwingineko, na karibu kila kata ina chake. Mara nyingi hulipi chochote. Unasimama mita mbili kutoka kwenye mstari, unamsikia kipa akiwagombeza mabeki wake kwa majina ya utani, kuna mwenye vuvuzela, kuna mama anauza maandazi, na anayefunga goli ni kijana anayekuuzia vocha. Mtoto anaelewa kwamba mpira unachezwa na watu anaowajua. Nauli ni sifuri maana mmekwenda kwa miguu.

Siku ya mvua, na siku za watoto

Hapa nitapita haraka. Makumbusho ya Taifa ya mjini na Kijiji cha Makumbusho cha Barabara ya Bagamoyo vyote vinatoza Mtanzania kiasi kidogo sana kuliko mgeni, na wengi wetu hatujakanyaga tangu safari ya shule. Mvua ikinyesha, nenda cha mjini: ni cha ndani, kilifunguliwa 1940, na mtoto ataiona habari ya fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959. Jua likiwaka, nenda Kijiji cha Makumbusho, kilichoanza 1966, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali. Kituo cha daladala cha Makumbusho kiko jirani, kwa hiyo hakuna bajaji. Kwa watoto chini ya miaka minane nadhani kijiji ni bora, kwa sababu wanaingia ndani ya nyumba na kutoka, wanainama mlangoni, hawasimami kusoma maandishi ukutani.

Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, aliyoifungua Mwalimu Nyerere 1967, ina sehemu ya watoto. Ada yake ukiigawa kwa wiki za mwaka ni ndogo kuliko bando la siku moja. Kwa mtoto anayeanza kusoma vizuri, sijui burudani nyingine ya bei hiyo inayodumu kiasi hicho.

Muvi: bando au flashi? Kama nyumbani kuna TV yenye tundu la USB, flashi inashinda. Kijana wa mtaani anakujazia muvi na tamthilia kadhaa, zilizotafsiriwa au zisizotafsiriwa, kwa bei ya bando linaloisha kabla filamu moja haijafika katikati. Tatizo lake ni kwamba aliyeitengeneza filamu hapati chochote. Filamu za Kibongo nyingi sasa zinawekwa na wenyewe YouTube bure, na kwa hizo mimi ningependa watu wazitazame huko, wapate japo hesabu ya watazamaji. Tazameni wengi kwa simu moja iliyounganishwa na TV, bando liwe moja.

Na bao, drafti na karata zisisahaulike kwa kuwa hazina tangazo. Kete 64 na ubao wa mashimo 32 vinanunuliwa mara moja, vinarithiwa. Kijiweni unalipa kikombe cha kahawa na kashata tu.

Kwa wanaotaka kitu kikubwa mara moja kwa mwaka, treni ya SGR kwenda Morogoro ilianza Juni 2024 kwa nauli ya 13,000 daraja la kawaida. Kwenda na kurudi ni 26,000 kwa mtu mzima, na mnarudi siku hiyohiyo mkiwa mmeiona milima ya Uluguru. Hiyo haitoki kwenye msimbazi wa wikiendi. Inachangwa, na namna ya kuchanga ni huko chini.

Hela yenyewe itoke wapi

Watu wakitaka kubana matumizi wanaanza na chakula cha mchana. Mimi ningeanza na LUKU.

Tanesco ina kundi la D1, la matumizi madogo: uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na ukizidi hapo kila uniti ni 350. Matumizi ya kawaida yako T1, ambako uniti ni 292. Hizo ni bei kabla ya kodi na makato. Nyumba inayotumia uniti 70 ikiwa D1 inalipa 7,000; ikiwa T1, uniti zilezile 70 ni 20,440. Tofauti ni 13,440 kila mwezi, na hapo hamjapunguza hata taa moja. Kwa hiyo swali la kwanza si namna ya kuzima taa, ni kwamba mita yenu iko kundi gani. Nendeni Tanesco mkaulize. Mkiwa D1, vitu vya kuwatoa humo ni pasi, hita ya maji na jiko la koili; taa za LED, TV na feni peke yake si rahisi kufikisha 75.

Mpangaji mwenye mita ya pamoja yuko kwenye hali nyingine. Vyumba vitano kwenye mita moja vinapita 75 mapema sana, wote mnalipa bei ya juu, na kujinyima kwako kunamfaidisha anayepiga pasi nguo za wiki nzima. Hapo kubana chumbani mwako hakuna maana kubwa. Bora nguvu hiyo muitumie kumwomba mwenye nyumba mita za kila chumba, hata kama mtachangia. Na ile 1,500 inayokatwa kila mwezi ni kodi ya jengo. Uniti hazijapanda bei.

Sasa chakula. Mama ntilie au kupika? Kwa mtu mmoja aliyepanga chumba, mama ntilie anashinda mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Wali, maharage na mchicha kwa sahani moja, ukijumlisha mchele, mafuta, kitunguu, nyanya na moto wa kuivisha maharage ya mtu mmoja, hukuti akiba ya maana, na nusu ya mboga itaharibika. Kuanzia watu watatu hesabu inageuka, na wakifika watano sufuria ya nyumbani haina mpinzani. Anayeishi na familia lakini ananunua mchana kazini abebe kiporo cha jana. Huyo akiba yake ni ya kweli, sahani tano kwa wiki.

Kwenye moto: maharage kwa mkaa yanakula kopo zima. Jiko la presha la umeme linayaivisha bila kufikisha uniti moja. Hata kwa bei ya T1, mkaa hauoni ndani. Bei ya jiko ndiyo inayotisha watu, na hicho ndicho kitu kizuri cha kununua siku ukipokea mchezo, ule wa kuchangiana kwa zamu.

Bando la siku au la wiki? Kwa MB, la wiki ni nafuu, lakini kwa mtu ambaye kazini kuna Wi-Fi na wikiendi tu ndiyo anatazama, la siku mbili zile linatosha. Kutoa hela kwa wakala: makato yanakwenda kwa madaraja, kwa hiyo kutoa elfu tano mara tano kunakugharimu zaidi ya kutoa 25,000 mara moja. Toa ya wiki Jumatatu.

Kibubu, mchezo au simu

Umepata buku tatu hapa, buku mbili kule. Ziende wapi?

Kibubu hakina makato wala mtu wa kukukimbia. Kinafaa kwa lengo dogo la karibu, kama msimbazi huu wa wikiendi. Kinunue kile cha mbao kisichofunguka bila kuvunjwa; chenye kufuli utakifungua Jumatano. Udhaifu wake ni mwizi, na panya kama ni noti, na kwamba ukikiacha mwaka mzima bei za vitu zinapanda wakati hela yako imelala.

Simu ni salama kuliko kibubu na inafaa kwa dharura, lakini iko mkononi saa 24 na kila ukiitoa kuna makato. Nimeona ikiwafaa watu ambao wana laini ya pili isiyojulikana na ndugu wala marafiki.

Mchezo ndio unaojenga. Watu 10, elfu mbili kila siku, mmoja anapokea 20,000 kila siku. Au kwa wiki, au kwa mwezi kwa viwango vikubwa. Nguvu yake ni aibu: huwezi kumwambia kijumbe, yule anayekusanya michango, kwamba leo umeamua kula chipsi. Udhaifu wake ni uleule wa binadamu. Chezeni na watu mnaojua wanapolala, kiwango kiwe kile ambacho hata siku mbaya unakipata. Na msichanganye mchezo na upatu wa kuvuna usichopanda. Kwenye mchezo unapokea ulichochanga, hakuna faida. Anayekuahidi faida kwa kuleta watu wengine anakupeleka kule walikofika wa DECI mwaka 2009, waliokuwa wakiambiwa wanapanda mbegu. Na upatu wa namna hiyo ni kosa kisheria.

Halafu kuna kuchagua namba. Namba ya kwanza ni mkopo usio na riba: unapokea leo, unalipa taratibu. Ichukue kama kuna kitu kitakachoanza kukuokolea hela mara moja, kama lile jiko la presha. Namba ya mwisho ni akiba tupu, inamfaa anayechangia safari ya Morogoro mwezi wa kumi na mbili, lakini ndiyo inayobeba hatari yote, maana mmoja akitoroka katikati ni wewe unayepungukiwa. Kundi likiwa jipya, omba namba ya katikati kwenye mzunguko wa kwanza. Mkishamaliza mzunguko mmoja bila mtu kuchelewesha, ndipo uombe ya mwisho.